Breki za trela la farasi wanne

Ndugu, umeuliza kama trela la farasi wanne, lenye uzito unaokaribia tani 5 likijaa, lifungwe breki za msukumo au za umeme, nawe unashuka nalo milima ya Colorado. Kwa safari hiyo, nakushauri uchague breki za diski za haidroli (zinazosukumwa na shinikizo la mafuta), zinazoongozwa kwa umeme kutoka kwa dereva, ingawa gharama yake ni kubwa zaidi.

Breki za msukumo hufanya kazi pale trela linapoliegemea gari la mbele. Kwa hiyo katika mteremko mrefu huendelea kubana hata unaposhuka kwa gia ndogo, zikapata moto na kupungua nguvu wakati unapozihitaji zaidi. Tena huwezi kuzifunga wewe mwenyewe, bila kufunga breki za gari, trela linapoanza kuyumba. Barani Ulaya haziruhusiwi kwenye trela linalozidi kilo 3,500. Breki za ngoma za umeme zinafaa sana tambarare, lakini diski hupoa haraka zaidi.

Hakikisha kidhibiti cha breki za trela ulichonacho garini kinaendana na pampu ya haidroli ya breki hizo, kwani si vyote vinavyokubaliana nayo. Kirekebishe kwanza bila farasi, kisha uongeze nguvu kidogo kidogo ukiwa nao, kwa maana farasi hawezi kujishika: breki ikikamata ghafla, hutupwa kifua mbele kwenye kizuizi. Kabla ya kuondoka, chomoa pini ya breki ya dharura, ile inayofunga trela likichomoka garini, uone kama betri yake inayashika magurudumu.