Wadogo zangu mnaoanza kazi ya tiketi, jueni hesabu ya ndege kabla ya kusifia nauli

Wadogo zangu mlioajiriwa juzi kwenye ofisi za tiketi, nimekaa kaunta miaka mingi hapa Dar na kitu ninachoona kinawasumbua wengi mwanzoni ni kimoja: mnaijua nauli lakini gharama hamuijui. Mteja anauliza kwa nini hii laki na nusu na ile laki tatu wakati zote zinaenda Mwanza, unamjibu "hawa wana ofa". Hilo siyo jibu. Nauli ndogo inatengenezwa chini, ndege ikiwa imesimama, na usipopaelewa hapo utamshauri mtu vibaya na hela yake ikapotea.

Mfikirie konda wa daladala. Anatoka alfajiri anajua kuna hesabu ya bosi, abiria wawepo wasiwepo hesabu itapelekwa, na mafuta juu yake. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Nyingi ni za kukodi, kodi inalipwa kwa dola kila mwezi hata ikilala tu uwanjani, bima dola, vipuri dola, mafuta yanapanda na kushuka na soko la dunia, halafu nauli za ndani mnakusanya shilingi. Mwaka 2015 shilingi yetu ilianza ikiwa 1,700 na kitu kwa dola na ikavuka 2,100 kabla mwaka haujaisha, sasa piga picha wewe ndiyo umeshauza tiketi zako kwa shilingi na mwenye ndege anasubiri dola zake.

Konda mwenye akili anajiokoaje? Anawahi kugeuza. Trip nyingi ndiyo hela. Southwest, shirika la bei nafuu la Marekani, ilianza kuruka mwaka 1971 pale Texas, mwaka uliofuata hali ikawa ngumu wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo, ila ratiba hawakutaka kuipunguza, kwa hiyo ikabidi ndege ikitua igeuzwe ndani ya dakika 10. Hapo ndipo siri ilipo, tena aina moja tu ya ndege, Boeing 737, ili rubani yeyote arushe yoyote, fundi ajue injini moja na stoo iwe na vipuri vya aina moja. EasyJet walipoanza Uingereza mwaka 1995 walifuata njia hiyo hiyo, na Ryanair pia.

Kwetu somo lililo karibu zaidi ni Fastjet, nalo shirika la bei nafuu. Ilianza kuruka tarehe 29 Novemba 2012, Dar kwenda Kilimanjaro na Mwanza, ndege Airbus A319 yenye siti 156, na nauli ya kuanzia iliyotangazwa ilikuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Aisee, watu waliokuwa wanakesha njiani kwenye basi wakaanza kuulizia ndege. Kuna mzee mmoja alikunja tiketi yake aliyoprintiwa mara nne, akaifunga kwenye leso, akaniuliza kama kwenye ndege dirisha linafunguliwa. Kwangu hilo ni jambo kubwa na sitaki mtu alidharau, maana bila ushindani yule mzee asingepanda ndege.

Lakini sasa njoo kwenye hesabu. Tuseme kwa mfano tu, ndege ndogo ya panga boi yenye siti 70 trip moja inakula milioni 14, na kubwa ya siti 156 inakula milioni 23.4. Zikijaa zote, kubwa kila siti inasimama 150,000 na ndogo 200,000, kubwa imeshinda. Haya, siku hiyo wamekuja abiria 60 tu. Kubwa kila kichwa kinabeba 390,000, ndogo kama 233,000. Umeona? Ndege kubwa ni rahisi kwa siti, siyo kwa trip, na soko letu la ndani siyo kila siku linajaza siti 156. Ndiyo maana mwaka 2016 Fastjet wenyewe waliziacha zile Airbus wakahamia Embraer zenye siti kama 100, na mwaka huo huo Air Tanzania ikafufuliwa na Bombardier Q400, panga boi za siti 76, ushindani ukawa mkali zaidi, mwisho wa mwaka 2018 Fastjet ikawa imesimama Tanzania. Precision Air waliokuwepo tangu 1993 na ATR zao, nazo panga boi, wao wanafika mpaka Bukoba ambako kiwanja ni kifupi na Airbus haitui.

Kosa la mashirika ya kawaida huwa ni kuiga nauli bila kuiga gharama. United ya Marekani ilianzisha tawi la bei nafuu, Ted, mwaka 2004, rangi mpya, jina jipya, ila wafanyakazi wale wale wa United kwa gharama zile zile, mwaka 2009 ikafungwa. Kenya Airways walipoanzisha Jambojet, la kwao la bei nafuu, mwaka 2014 waliitenga ikawa kampuni yake yenyewe, na mpaka leo inaruka. Mkisikia shirika kubwa linaleta tawi la bei nafuu ulizeni kwanza mishahara na ofisi ni za nani.

Sasa kwa mteja wako. Nauli ndogo imeondoa vitu, begi, chakula, kubadilisha tarehe, na kila kimoja unaweza kukinunua pembeni. Siku hizi hata mashirika makubwa yanauza tiketi isiyo na begi, na Southwest waliojivunia begi la bure miaka yote walianza kuchaji Mei 2025, kwa hiyo usiangalie jina, soma masharti ya tiketi yenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini nilimkatia dada mmoja tiketi ya bei ya chini, alikuwa anakwenda kumuuguza mama yake, sikumwambia kuhusu begi. Kufika uwanjani akatakiwa alipie mzigo pale pale, bei ya papo hapo, akanipigia analia, hela ya dawa ndiyo hiyo imeondoka. Niliumia sana na bado naumia.

Jambo jingine, usimuunganishie mtu tiketi mbili tofauti na saa moja na nusu katikati eti umemwokolea elfu hamsini. Shirika lenye safari za kuunganisha likikuuzia safari nzima kwa tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, ni juu yao kukufikisha. Lile la bei nafuu mara nyingi linauza pointi hadi pointi, yaani kila kipande cha safari na tiketi yake, ukichelewa ya pili imekuacha na tiketi imekufa.

Baada ya yule dada nilinunua Kariakoo mzani mdogo wa kuning'iniza, upo chini ya kaunta mpaka leo. Mteja akija na begi napima mbele yake, najumlisha nauli, kodi na mzigo kwenye karatasi moja, mashirika mawili sambamba. Mara nyingi tofauti ya laki inabaki elfu ishirini, na kuna siku ile tiketi ya bei juu ndiyo inatoka chini.