Maswali ya Wasomaji: Kambare wa Chambo Wanaofia Nyumbani

SWALI: Mhariri, mimi ni mvuvi wa sangara hapa Ukerewe na ninatumia ndoano nyingi zilizofungwa kwenye kamba moja ndefu. Hununua vifaranga 500 vya kambare, wenye urefu wa kidole, nikawaweka nyumbani katika pipa la lita 300 kwa siku nne au tano, hadi upepo utulie niweze kutoka. Siku ya kwanza huwa wazima kabisa. Kufikia siku ya tatu nakuta kumi au ishirini wamekufa, wengine wamekatika mikia, na nikiwahesabu waliobaki hawafikii idadi niliyonunua ingawa mizoga yao siioni. Maji huwa yanaonekana masafi. Je, huu ni ugonjwa gani, na dawa yake ni ipi?
Mvuvi, Nansio

JIBU: Ndugu Mvuvi, kwa maelezo uliyotoa, sidhani kwamba samaki wako walikuja na ugonjwa. Naona mambo mawili yanayotokea kwa pamoja ndani ya pipa hilo: maji yanachafuka kwa uchafu usioonekana kwa macho, na wakubwa wanawala wadogo.

Nianze na maji, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Samaki hutoa taka ya amonia, na sehemu kubwa ya taka hiyo haipitii kwenye kinyesi bali hutoka moja kwa moja kupitia matamvua na kuyeyuka majini bila kubadilisha rangi ya maji. Ziwani amonia hiyo husambaa na kuliwa na bakteria, lakini katika pipa haina pa kwenda, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo sumu yake inavyozidi kuwa kali. Kambare ana kiungo maalumu juu ya matamvua yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, na ndiyo maana watu humwona kuwa samaki asiyekufa ovyo. Kiungo hicho humsaidia kupata hewa tu. Hakimwondolei amonia iliyomzunguka. Uvumilivu wake humfanya achelewe kufa, na kuchelewa huko ndiko kunakotufanya tusione kosa mapema.

Jifunze kuwatazama. Kambare mzima hulala chini, na kila baada ya muda hupanda wima, hugusa uso wa maji kwa mdomo, humeza hewa na kuzama tena upesi, akiacha kiputo kimoja au viwili nyuma yake. Ukiona wengi wamening'inia juu vichwa vikitazama hewani na hawazami hata unapopitisha mkono, au ukiona povu jembamba lililoganda pembeni mwa pipa lisilopasuka, badilisha maji saa hiyo hiyo bila kungoja asubuhi.

Samaki 500 wenye uzito wa gramu 5 kila mmoja ni kilo mbili na nusu za viumbe wanaotoa taka usiku na mchana katika lita 300. Ushauri wangu ni kwamba uwagawe katika mapipa mawili, uyaweke kivulini, na kila asubuhi na jioni uondoe karibu nusu ya maji kwa mpira unaonyonya kutoka chini kabisa, mahali kinyesi kinapojikusanya, kisha ujaze maji mengine yenye joto linalolingana na yale yaliyobaki. Ni kazi ya ndoo nyingi, nakubali, lakini kambare anayefika ndoanoni akiwa amelegea hana faida kubwa kwako, kwa kuwa sangara huvutwa na samaki anayejitikisa.

Sasa kuhusu wale wasioonekana. Wameliwa, ndugu yangu. Kambare huanza kulana wangali wachanga, na tofauti ya ukubwa inapokuwa kubwa, mmoja humeza mwenzake mzima bila kuacha hata mfupa. Wanapokaribiana kwa ukubwa huishia kung'atana mikia, na hao ndio unaowakuta wamekatika. Siku unayowaleta, wamimine kidogo kidogo katika beseni pana na uwatenganishe kwa macho: wakubwa pipa moja, wadogo pipa jingine. Rudia kazi hiyo baada ya siku tatu ikiwa bado unao. Funika mapipa kwa turubai juu ya wavu uliofungwa imara, kwa sababu gizani hutulia na hupunguza kugombana, na pia kwa sababu kambare huruka na kutambaa nje, hasa usiku wa mvua.

Njaa huwaongezea ukali, kwa hiyo si vizuri kuwaacha bila chakula kwa siku zote tano. Kwa kilo mbili na nusu, gramu 50 za dagaa waliosagwa kwa siku zinatosha. Wape jioni, wakati ambao kambare huchangamka kutafuta chakula, na kilichobaki baada ya robo saa kiondoe. Siku moja kabla ya kuwasafirisha usiwalishe kabisa, ili wasichafue maji ya ndoo njiani.

Kuhusu dawa, nakusihi usitumie vidonge vya binadamu vya kuua bakteria, ingawa najua baadhi ya wavuvi humimina kapsuli ndani ya pipa. Hazipunguzi amonia hata kidogo, na samaki huyo ataliwa na sangara ambaye ataliwa na watu. Kwa waliojeruhiwa mkia, chumvi ya mawe isiyochanganywa na kitu inasaidia: gramu 100 katika lita 20 za maji, nusu saa, huku ukiwaangalia, kisha uwarudishe katika maji safi. Washike kwa kitambaa cha wavu laini kilicholowa, kwa maana ute wa ngozi ndio ngao yao, na mkono mkavu huuvua.

SWALI: Mimi hutumia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, badala ya kambare. Niliwaweka katika maji ya bomba, wakafa wengi ndani ya saa moja, na waliobaki wakafa alfajiri. Kosa langu ni nini?
Msomaji, Musoma

JIBU: Waliokufa ndani ya saa moja yaelekea waliuawa na klorini inayotiwa katika maji ya bomba. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza beseni zima la samaki kwa haraka hiyo hiyo, na tangu siku hiyo maji ya bomba huyaacha katika chombo kilicho wazi kwa saa 24 au zaidi, nikiyakoroga mara kwa mara, kabla samaki hajaguswa nayo.

Waliokufa alfajiri, nadhani walikosa hewa. Furu hana kile kiungo cha kambare. Anategemea oksijeni iliyoyeyuka majini peke yake. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, na kwa nyuzi 30 hubaki miligramu 7.5 hivi. Hizo ni hesabu za pwani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo kwetu kiasi hicho ni pungufu zaidi. Furu anahitaji pampu ndogo ya hewa inayofanya kazi usiku kucha, na chombo kipana badala ya kirefu.

Niseme wazi kwamba napendelea kambare wa kufugwa, hasa pale furu wanapopatikana kwa kokoro (wavu unaokokotwa hadi ufukweni) au vyandarua, ambavyo vimepigwa marufuku na huzoa mazalia ya samaki wengine. Na kambare watakaobaki usiwamwage katika bwawa au mto wa jirani. Warudishe pipani, au wapelekwe jikoni.