Maswali na majibu: usukani wa pikipiki unaotetemeka kwenye mwendo mkali

Swali: Pikipiki yangu imetulia hadi kilomita 80 kwa saa, kisha usukani unaanza kutetemeka. Fundi mmoja anasema ni injini, mwingine anasema ni tairi. Nimsikilize yupi?

Jibu: Kabla ya kumlipa yeyote kati yao, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, ufikie mwendo unaoleta mtetemo, kisha ukiwa na mikono yote miwili kwenye usukani uachie mafuta na kushika klachi, ili pikipiki iende yenyewe bila kusukumwa na injini. Mtetemo ukibaki vilevile, shina lake ni magurudumu au vinavyoyashikilia. Ukikatika papo hapo, ni injini au bolti zinazoifunga kwenye fremu. Rudia mwendo uleule kwa gia nyingine: mtetemo wa injini hubadilika pamoja na gia, wa gurudumu haujali gia.

Swali: Nasikia gurudumu lenye gramu 20 tu zilizozidi upande mmoja hutetemesha usukani. Je, gramu 20 kweli zinaweza kutikisa chombo chenye zaidi ya kilo 100?

Jibu: Zinaweza, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya uzito huo kuvuta gurudumu kuelekea nje huongezeka mara nne. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 huzunguka karibu mara 15 kwa sekunde kwenye kilomita 100 kwa saa, na gramu 20 zilizozidi upande mmoja wa ringi huvuta kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, mara juu, mara chini, mara mbele, mara nyuma. Kwenye kilomita 50 nguvu hiyo ni robo tu, ndiyo maana huisikii ukienda polepole.

Swali: Ninaweza kufanya balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu pande zote, mwenyewe bila mashine?

Jibu: Unaweza, na kwa gurudumu la mbele matokeo huwa mazuri sana ukiwa na subira. Fungua gurudumu, ondoa vipande vyote vya zamani vya uzito wa balansi, pitisha ekseli au fimbo ya chuma iliyonyooka, kisha uiegemeze juu ya vihimili viwili vyenye kimo sawa. Lizungushe kidogo na uliache. Litapunguza mwendo, litarudi nyuma, litapembea kushoto na kulia kama bembea, halafu litatulia sehemu nzito ikiwa chini. Weka alama ya chaki juu kabisa, urudie mara tatu. Alama ikirudi juu kila mara, hapo ndipo penye upungufu. Bandika gramu 5 kwa utepe, ulizungushe gurudumu mpaka alama iwe ubavuni, uachie. Alama ikipanda, ongeza gramu 5 nyingine, ikishuka, umezidisha. Kazi imekamilika gurudumu linapobaki popote unapoliacha. Hapo safisha ringi kwa spiriti kabla ya kubandika vipande vya kudumu, maana kipande kilichobandikwa juu ya grisi kitaruka barabarani. Kwa ringi ya spoki, tumia vipande vya kubana kwenye spoki. Nakusihi usikimbize hatua ya chaki, kwani beringi chafu huweza kulisimamisha gurudumu mahali pasipo pake ukadanganyika.

Swali: Nimefanya balansi, bado usukani unatetemeka.

Jibu: Balansi haiponyi gurudumu lililopinda. Tazama mstari mwembamba uliozunguka ubavu wa tairi karibu na ringi: ukizama mahali pamoja, tairi halijakaa vizuri, hivyo litoe upepo, lipake maji ya sabuni na ulijaze upya bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kisha shikilia kalamu karibu na ringi inayozunguka na uangalie kama nafasi kati yake inapanuka na kufinyika. Gonga pia kila spoki kwa spana ndogo. Iliyolegea hutoa sauti nzito isiyolia.

Swali: Usukani wangu hauvumi, bali hucheza kushoto na kulia ninapopunguza mwendo.

Jibu: Hilo ni jambo jingine, na lisisubiri. Inua gurudumu la mbele, shika miguu ya foki (vyuma viwili vinavyoshikilia gurudumu la mbele) upande wa chini, uivute na kuisukuma. Ukisikia kitu kikigonga, beringi za shingo, pale usukani unapozungukia kwenye fremu, zimelegea. Zungusha usukani taratibu: ukinasa katikati, beringi zimekwisha, kuzikaza hakutasaidia. Kagua upepo, na kama tairi la mbele limelika kwa mabonde. Ikikutokea njiani, punguza mafuta polepole, shika imara bila kushindana na usukani, wala usikamate breki kwa ghafla.

Swali: Vizito vya kuweka kwenye ncha za usukani vinafaa?

Jibu: Vinafaa kwa mvumo wa injini unaotia vidole ganzi, baada ya kukaza bolti za injini. Kwa kosa la gurudumu huficha dalili tu, na tairi huendelea kulika.