Natron na IST mwezi wa nne? Soma hapa kabla hujatuma hela

Mkuu simama hapo hapo, usitume hata shilingi. Umesema mnatoka Arusha wewe na mama watoto na watoto wawili, gari IST, mnaenda kupumzika siku 3 kwenye gesti pale Engare Sero, Ziwa Natron, wikiendi ya Muungano, na jamaa anayekuuzia safari kakuhakikishia barabara iko safi mpaka mlangoni. Hayo maneno nayajua neno kwa neno maana na mimi niliambiwa hivyo hivyo, na yalinitoka milioni 3 na laki 7.

Ilikuwa Aprili 2018, Muungano iliangukia Alhamisi nikaomba Ijumaa ofisini. Tulikuwa na Noah, mimi na wife, mdogo wangu wa kiume na binti yangu ambaye alikuwa na miaka 6. Gesti niliipata kwa flaikacha mmoja (dalali wa safari wa mtaani) wa pale mjini Arusha, kijana msafi, anaongea vizuri, ana picha za Lengai, ule mlima wa volkano wa kule, kwenye simu utadhani kazaliwa juu ya kile kilima. Nikamuuliza, vipi njia, akasema bosi hiyo njia Noah zinapita kila siku, jana tu nimepeleka wageni. Nikamlipa yote.

Sasa ngoja nikueleze ile njia ilivyo kwa sababu naona hata waliokujibu huko juu hawajafika. Lami sisi tuliiacha Mto wa Mbu. Ukishakata kulia kuelekea kaskazini ni Selela, halafu Engaruka, halafu ndio Engare Sero, ukuta wa Bonde la Ufa uko mkono wako wa kushoto muda wote. Kiangazi tatizo lake ni mawe na vumbi, lile vumbi la majivu ya volkano laini kama simenti linaingia mpaka kwenye chupa ya maji iliyofungwa. Unavumilia. Ila masika tatizo ni makorongo. Njia inakatiza makorongo mengi na hayana madaraja, unashuka kwenye mchanga unapandia ng'ambo. Na yale maji HAYATOKI PALE ULIPO. Yanatoka juu, nyanda za juu za Ngorongoro, kule inanyesha usiku au asubuhi, wewe huku chini uko kwenye jua kali umeshusha vioo, ardhi kavu, hujaona hata tone, na korongo linakuja limejaa.

Ndicho kilichotokea. Tumeshapita Engaruka, saa 8 mchana, jua linachoma, tukafika korongo moja pana. Maji yalikuwepo lakini si mengi, rangi ya kahawa ya maziwa, yamebeba vijiti vya migunga na mavi ya mbuzi na povu. Upande wetu kulikuwa na mzee mmoja wa Kimasai amekaa chini ya mti na vijana wawili na punda. Nikashuka nikamwamkia, shikamoo mzee, naweza kupita? Akanitazama mimi, akaitazama gari, akasema, "Subiri. Yatapita." Nikamuuliza yatapita saa ngapi, akaonyesha jua kwa fimbo, akalishusha mpaka karibu na mlima. Kama saa 12 jioni hivi. Yaani masaa 4 tu mkuu. Masaa manne ya kukaa chini ya mti na maji tunayo na mikate tunayo.

Mimi nikampigia yule flaikacha. Bahati mbaya mtandao ulikuwepo. Akaniambia pita tu bosi hapo huwa hapana kina, weka gia namba moja usiachie mafuta. Mtu yuko Arusha, kaa umfikirie, yuko mjini kilomita zaidi ya mia na hamsini kutoka lile korongo, anaambia watu wenye mtoto ndani ya gari waingie kwenye maji. Na mimi nikamsikiliza yeye nikamwacha mzee aliyekaa pale.

Nikaingia. Theluthi ya kwanza vizuri. Katikati tairi ya mbele kushoto ikadumbukia, maana ule mchanga wa chini maji yanauchimba na wewe juu huoni shimo, unaona maji sawasawa. Gari ikainama, nikakanyaga mafuta, injini ikavuta maji badala ya hewa, ikatoa mlio mmoja mzito, KO, ikanyamaza. Ule mlio mpaka leo nikiusikia popote nashtuka. Fundi alikuja kuniambia baadaye maji hayabanwi kama hewa, yakiingia kwenye silinda vyuma vinapinda hapo hapo, hakuna cha kukausha.

Halafu maji yakaongezeka. Hayakuja kama ukuta kama watu wanavyosimulia, yalipanda tu, kimya kimya, kwenye mlango, kwenye kapeti, viatu vya mtoto vikaanza kuelea pale chini. Binti yangu akasema, "Baba, viatu vyangu vinaondoka." Kwa sauti ya kawaida kabisa. Wife hakusema kitu, alimkumbatia akaanza kusali.

Wale vijana wawili waliingia bila kuitwa. Wamevua shuka wamezifunga kichwani, fimbo mkononi wanapima chini, wakaja upande wa juu wa maji, wakampokea mtoto dirishani, mmoja akamweka mabegani, wa pili akamshika wife mkono akimwambia, "Yeyo (mama), shika, shika, usiangalie maji." Mimi na mdogo wangu tukatoka mwisho tumeshikana. Maji yalikuwa magotini kwangu, na magotini tu yalikuwa yanataka kuniangusha, mtu wa kilo 80. Kigari kama IST maji ya nusu tairi yanatosha kuanza kukielesha. Noah ilibaki pale kwa sababu ilishakwama kwenye shimo, ingekuwa nyepesi kidogo sijui ningekuwa naandika nini leo.

Saa 12 na nusu jioni maji yalikuwa yamepungua mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kama mzee alivyosema.

Kuvuta gari mpaka Mto wa Mbu kisha Arusha laki 7, injini ya mtumba milioni 2 na laki 6, fundi laki 4. Flaikacha nilipompigia kesho yake akaniambia pole bosi, hiyo ni kazi ya Mungu. Mungu alishamtuma mzee mzima na fimbo kunionya, kazi ya Mungu ilishafanyika, wewe ndiye uliyesema pita! Na nilipofika gesti nikakuta kalipia usiku mmoja kati ya mitatu niliyomlipa. Watu kama hawa waseme kabisa kuwa hawajawahi kuishika ile barabara, mtu aamue mwenyewe. Wanauza chumba, njia hawaijui.

Kwa hiyo mkuu kanuni ni moja, nakuomba ishike: USIINGIE NJIA YA NATRON KABLA HUJAONGEA ASUBUHI HIYO HIYO NA MTU ALIYELALA KULE USIKU WA JANA. Dalali hapana, mtu aliyeenda mwezi uliopita hapana, na hata mimi usinisikilize. Mpigie mwenye gesti mwenyewe au mlinzi wake, muulize vitu viwili, juu kumenyesha? na leo gari gani imeingia? Akikwambia imeingia lori tu, basi wewe hauendi. Na ukifika korongo lina maji, zima gari, teremka, tafuta mwenyeji, akisema subiri unakaa.

Kuhusu gesti yenyewe, ni pazuri, sitakudanganya. Tuliingia usiku kwenye lori la mahindi, mama wa pale akatupikia ugali na mbuzi wa kuchemsha bila kuuliza nani kalipa nini, akamchomoa mtoto miba miguuni kwa taa ya simu. Asubuhi unatoka nje umekaa chini ya mgunga, Lengai hiyo hapo mbele yako imesimama peke yake, chini kijivu juu nyeupe nyeupe, hakuna kelele yoyote isipokuwa kengele za mbuzi. Hakuna anayekuharakisha. Mchana joto linafika 40 hamtembei, mnalala, watu wa pale wenyewe wanalala. Jioni upepo unavuma na mchanga, fungeni madirisha. Maporomoko ya Engare Sero wapelekeni watoto asubuhi, mnatembea ndani ya mto, viatu vya kuloa. Heroe wapo ziwani ila msiwaruhusu watoto kuchezea yale maji, ni magadi makali. Mlima wanaanza kupanda usiku wa manane ili wafike kileleni alfajiri, na watoto hapana, ni mwinuko wa kutambaa kwa mikono.

Uliuliza na mambo mengine sijayagusa, wenzangu watakujibu. Ila umeandika mnaondoka Arusha saa 10 alfajiri Ijumaa mpite moja kwa moja. Badilisha hapo. Laleni Mto wa Mbu Alhamisi, Ijumaa saa 12 asubuhi piga simu kule, ndio muamue. Na tafuta gari ya juu yenye dreva wa Engaruka au Mto wa Mbu, hiyo IST iache nyumbani. Ukiikosa gari niandikie pembeni leo leo, yule kijana aliyembeba binti yangu siku hizi anaendesha Land Cruiser njia hiyo, nitakuunganisha naye.