Usivumilie kinachosogezeka

Mtu akilemewa hapa Mombasa, neno la kwanza kumfikia ni "vumilia". Huambiwa mama ambaye karo ya mwanawe haijatimia, huambiwa kijana anayenyanyaswa kazini, huambiwa mjane aliyezika juzi. Kwa mjane, subira ina kazi yake. Kwa wale wawili wa kwanza, neno hilo laweza kuwazidishia mzigo.

Richard Lazarus na Susan Folkman, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza mwaka 1984 kwamba msongo wa mawazo haumo ndani ya tukio lenyewe. Huzaliwa mtu anapopima mambo mawili: hili lanigusaje, na nina nini cha kulikabili. Katika kipimo cha kwanza, jambo zito huonekana kama madhara yaliyokwisha kutokea, au tishio linalokuja, au changamoto yenye faida ndani yake. Kipimo cha pili huhesabu pesa, watu, ujuzi na muda. Feri ikichelewa Likoni, mwenye bosi anayekata mshahara hutetemeka, na jirani yake anayekwenda kumjulia hali shangazi huko Kisauni anaendelea kutafuna korosho. Foleni ni ileile.

Wataalamu hao wakatenganisha njia mbili za kukabili: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuzishughulikia hisia linazoleta. Zote mbili ni halali. Dua, kilio, mazungumzo na matembezi ya jioni ufukweni Mama Ngina ni za njia ya pili, na hazina aibu yoyote. Balaa huanza njia zinapobadilishana mahali: mtu anapotuliza hisia miezi mitatu kwa jambo ambalo barua moja ingelimaliza, au anapopigana na jambo ambalo mkono wa mwanadamu haulifikii.

Kwa hivyo anza na karatasi. Andika tatizo kwa sentensi moja yenye kiasi na tarehe. "Maisha ni magumu" haifai, kwa sababu tishio lisilo na mipaka halina pa kushikia na akili hulizunguka mchana kutwa. Andika hivi: "Karo ni shilingi 12,000, ninazo 7,000, shule yafunguliwa Jumatatu." Hapo tayari tatizo limepungua, limekuwa la 5,000. Chini yake chora mstari katikati. Upande mmoja weka unachoweza kukisogeza ndani ya siku 7, upande wa pili kile usichoweza. Bei ya unga iende upande wa pili. Kumwona mhasibu wa shule kabla ya ufunguzi, na kuomba kulipa 7,000 sasa na 2,500 kila mwisho wa mwezi kwa miezi miwili, iende upande wa kwanza. Wengi huenda kwa mhasibu baada ya mtoto kurudishwa nyumbani, wakati nafasi ya kuzungumza imeshapungua.

Kisha chagua hatua moja tu na uifunge kwa wakati na mahali: "Alhamisi saa tatu asubuhi, nikimaliza kuuza mahamri, nitapita shuleni moja kwa moja kabla ya kurudi nyumbani." Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ameonyesha kwamba mpango wa namna hii, wa "nikifika hapa nitafanya hili", hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla, kwa kuwa mahali penyewe hukukumbusha. Ukiandika hatua sita, mara nyingi hutaanza hata moja.

Mwili nao una ratiba yake. Ukishtuka, homoni ya adrenalini hupanda ndani ya sekunde chache, na moyo ukaenda mbio. Homoni nyingine, kotisoli, huja polepole na kufika kilele baada ya dakika 20 hadi 30 hivi. Usijibu ujumbe wa hasira wala kuacha kazi ndani ya nusu saa hiyo. Itumie kwa pumzi: vuta kwa pua sekunde 4, toa sekunde 6, kwa dakika 5. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo dawa, maana moyo hupunguza kasi tunapotoa hewa. Ukihisi kizunguzungu au vidole kufa ganzi, unavuta hewa nyingi mno na kupoteza kabonidayoksaidi. Usijaze kifua, vuta kidogo na tumbo lisogee. Wanaosema zoezi hili haliwafai, aghalabu wamelifanya kwa nguvu.

Usiku ndio unaoharibiwa zaidi. Kahawa chungu ya barazani ni tamu kwa mazungumzo, lakini kafeini huchukua takribani saa tano kupungua nusu mwilini. Kikombe cha saa mbili usiku bado kina nusu ya nguvu yake saa saba. Muguka ni mbaya zaidi: una kathinoni, kichangamshi kinachofukuza usingizi, na anayeutafuna ili asahau mawazo hubaki nayo macho wazi hadi alfajiri.

Na hiyo baraza yenyewe? Inaponya, mradi mazungumzo yafike mahali. Kueleza dhuluma ileile kila jioni kwa watu walewale hukoleza uchungu. Msikilizaji mwema aulize mwishoni, "Basi kesho wafanya nini?" Ila kwa mfiwa, usiulize swali hilo. Matanga yana hekima yake: watu hukaa, hupika, huchukua maamuzi madogo mikononi mwao, na aliyefiwa huachiwa huzuni yake.

Wapo pia waliozaliwa wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Wepesi huo ni mojawapo ya sifa tano kuu ambazo wanasaikolojia huzitumia kueleza haiba ya mtu, na kwa sehemu hurithiwa. Kumwambia mtu kama huyo kwamba imani yake ni dhaifu ni kumwonea.

Karatasi na pumzi zina mpaka. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, pamoja na usingizi na chakula kuvurugika, nenda Hospitali Kuu ya Pwani au Port Reitz ukaonwe. Anayewaza kujiua asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199. Familia nyingi huficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mpelekeni hospitali, na mwelezeni daktari kilichotokea bila kuficha, pamoja na dawa au sumu aliyomeza na saa aliyoimeza.