Chatu wa mwanangu kaota malengelenge tumboni, nimpake nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, mtu wa Mombasa ila niko Leicester huu mwaka wa tisa. Kijana wangu wa pili ana miaka 14, mwaka jana baba yake akamnunulia chatu, wale wafupi wanaojikunja kama mpira wakiogopa, mimi nikapiga kelele nikasema nyoka nyumbani kwangu haingii lakini ndo hivo kaingia, na saa hii hata mimi nishamzoea, nikirudi kazini namsalimia. Sasa wiki hii tumemgeuza tukaona tumboni magamba yamekua ya kahawia kama yameungua, mengine yameinuka pembeni, na kuna malengelenge matatu yana maji ndani, moja limepasuka na linanuka. Tulimlalishia makumbi ya nazi na kila siku tunampulizia maji maana tuliambiwa anataka unyevu, chini ya tanki kuna mkeka wa joto wa umeme. Kijana anataka ampake spiriti, jirani anasema peroksaidi, mimi nina chupa ya Betadine iliyobaki. Nifanyeje? Mtoto hali vizuri kwa mawazo. (Mama watatu, Leicester)

JIBU: Marahaba mama. Umefanya la maana kuuliza kabla ya kupaka, maana wengi wananiletea nyoka ashapakwa vitu vinne na mimi sasa sijui natibu ugonjwa au natibu dawa.

Spiriti weka mbali, na peroksaidi pia. Gamba la nyoka ukiligusa ni gumu lakini pale lengelenge lilipopasuka ni nyama mbichi kabisa, spiriti inaiunguza, na lile povu la peroksaidi ambalo watu wanadhani linakula uchafu linakula pia ile ngozi mpya changa inayojaribu kufunga kidonda. Na ile dawa ya maji ambayo ukiimimina kwenye ndoo inageuka nyeupe kama maziwa, kwetu kila nyumba ina chupa yake, hiyo usimguse nayo hata tone, ina kemikali za jamii ya fenoli na nyoka hawaziwezi. Nilipokua mgeni kwenye hii kazi nililetewa chatu aliyesuguliwa nayo vile vile ilivyo, haikutiwa hata maji, na magamba ya tumbo yalikua yanabanduka mkononi kama ganda la kitunguu. Alipona, lakini ilituchukua miezi mitano, na ule ugonjwa aliokuja nao ungeisha kwa wiki chache tu. Toka siku hiyo mimi nikisikia mtu anatafuta dawa kali ya nyoka roho inanipanda.

Betadine yako, ambayo ni dawa ya ayodini, ndo hiyo hiyo. Ila soma chupa kwanza, kuna ya maji na kuna ya sabuni wanayonawia madaktari, wewe unataka ya maji tu isiyo na povu. Ya kawaida ni asilimia 10. Chukua beseni ambalo halitorudi tena jikoni, tia maji lita 1, halafu Betadine mililita 10, ni kama vijiko viwili vya chai. Rangi iwe ya chai ya rangi iliyokosa majani, yani uone chini ya beseni. Najua mkono utataka kuongeza, usiongeze! Ayodini ikichanganywa na maji ndo inaachia nguvu yake, ile nzito nzito imejifunga haifanyi kazi vizuri na juu ya hapo inaumiza ngozi.

Maji yawe nyuzi 28 mpaka 30. Kama una kipimajoto tumia, kama huna basi ukitia mkono usikie ubaridi kidogo, maana yale tunayoona sisi ni vuguvugu mazuri ya kuogea mtoto, kwake yeye ni moto. Kina kiwe cha kufunika tumbo tu, mgongo na kichwa vibaki juu, na kabla hujamtia mpe maji safi anywe, mana nyoka mwenye kiu akiingizwa kwenye beseni ananywa hicho hicho alichowekwa ndani. Dakika 15, zikizidi sana 20, na kijana akae hapo hapo asiende kushika simu. Akitoka msuuze kwa maji safi ya joto lile lile, mkaushe kwa kitambaa laini kwa kugusagusa bila kusugua, hasa pale magamba yanapopandiana maana ndo maji yanapojificha. Malengelenge ambayo hayajapasuka msiyatumbue, hata yakivimba vipi. Fanya hivo mara moja kwa siku, na siku aliyokula pamoja na siku mbili zinazofuata muacheni, mkimshikashika na tumbo limejaa atatapika.

Usipopata Betadine kuna klorheksidini, dawa nyingine ya maji ya kusafishia vidonda, hiyo nzuri pia ila usimloweke ndani yake, chovya pamba ufute kidonda tu, na iwe hafifu sana, ile ya asilimia 2 mililita 25 kwenye lita 1 ya maji inakupa 0.05, inatosha. Isikaribie macho wala mdomo. Na chagua moja, leo ayodini kesho klorheksidini unavuruga tu. Marhamu ya kidonda ya binadamu usimpake mpaka daktari aione, kuna zilizotiwa dawa ya ganzi ndani na hizo kwa nyoka ni hatari.

Sasa mama nisikilize hapa, maana beseni ni nusu ya kazi na wala si nusu kubwa. Kilichomtia ugonjwa ni kitanda chake. Hawa chatu asili yao ni nyika za Afrika magharibi na kati, kuanzia Senegal mpaka pembe ya Uganda, mchana wanalala kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Humo ndani hewa ina unyevu kweli, lakini ardhi anayolalia ni kavu. Mlivoambiwa anataka unyevu mliambiwa kweli, sema mkalilowesha godoro badala ya hewa, na makumbi wewe mtu wa Mombasa unayajua, yakishika maji hayaachii, juu yanaonekana makavu ukichimba kwa kidole chini ni tope. Chatu analalia lile tope masaa ishirini kwa siku, pamoja na mavi yake mwenyewe, bakteria kama Aeromonas na Pseudomonas wanaingia chini ya magamba, na huko wana maji na joto, wamefika kwao.

Na huo mkeka wa joto je? Hujasema kama una themostati, kile kifaa kinachozuia joto lisipite kiasi, na mimi naogopa hauna. Nyoka akiunguzwa taratibu kutoka chini hakimbii, anabaki hapo hapo anaota joto mpaka tumbo linaiva, na kuungua huko kunafanana sana na huo ugonjwa wa bakteria, mara nyingi vyote viwili viko pamoja. Hayo magamba ya kahawia uliyoyataja yananitia shaka hiyo. Kwahiyo leo hii, kabla hata ya kununua chochote, zima mkeka mpaka upate themostati, mtafutie joto la hewa kwa namna nyingine, na ikishafungwa sehemu ya moto isizidi nyuzi 32 hivi, upande wa baridi 25 au 26. Usimpunguzie zaidi ukidhani unampumzisha, nyoka hajitengenezei joto mwenyewe na kinga yake ya mwili inafanya kazi akiwa na joto lake, akipoa na kinga inalala.

Makumbi yote toa, tupa. Tanki lioshe, likauke kabisa, tandika tishu za jikoni nyeupe. Si za kupendeza lakini kila ukizibadilisha, na ni kila siku, utaona kama kuna damu au usaha, kwenye makumbi usingeona kitu. Bakuli la maji liwe zito asilimwage. Unyevu wa hewa uupate kwa hilo bakuli, acheni ile chupa ya kupuliza.

Muda je? Jiandae. Ngozi ya nyoka inapona kwa kujivua gamba, kila akijivua utaona afadhali, na akiwa na kidonda anajivua mara nyingi kuliko kawaida kwahiyo kijana asishtuke. Alama inaweza kubaki. Jicho langu liko kwenye ile harufu uliyoitaja, harufu maana yake bakteria washashika mahali, na kwa hiyo mimi nakuomba umpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua nyoka, piga simu kwanza uulize maana wengi ni wa mbwa na paka tu. Kuloweka unaanza leo ukiwa unasubiri miadi. Na ukiona tumbo linakua jekundu au pinki sehemu ambayo haina kidonda, au amelegea, au anahema mdomo wazi, basi hapo hakuna cha kusubiri miadi, maambukizi yashaingia kwenye damu na hakuna dawa ya kupaka inayoyafuata huko. Atahitaji sindano, moja inayotumika sana ni ceftazidime ambayo kwa nyoka huchomwa kila baada ya siku tatu, kipimo anapanga daktari kwa uzito wake. Huko Uingereza sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inamhesabu nyoka sawa na paka, mwenye mnyama ana wajibu wa kumtibu.

La mwisho kwako, mikono. Nyoka mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na kama mtoto wako wa mwisho hajafika miaka 5 asishike nyoka wala beseni, maji machafu yamwagwe chooni si kwenye sinki ya vyombo. Mwambie kijana chatu wa aina hii wanaishi miaka 20, 30, kuna mmoja kwenye zoo ya St. Louis, Marekani, alitaga mayai 2020 na walimkadiria ana miaka 62. Muda wa kupona anao.

SWALI: Daktari mimi niko Minneapolis, nina nyoka wa mahindi (corn snake), ana vidonda usoni na shingoni vimekua kama ukoko mgumu. Nimempaka ayodini wiki tatu, vinakauka vinarudi. Tanki ni kavu na joto liko sawa. Ni mimi nakosea? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Sidhani ndugu yangu. Vidonda vya usoni, vya ukoko, vinavyorudi wakati tanki ni safi, mimi nafikiria fangasi, na hapo Marekani kuna mmoja anaitwa Ophidiomyces anayeshambulia nyoka, alianza kuogopwa baada ya 2006 pale nyoka wa porini wa New Hampshire walipopungua sana. Ayodini inasafisha juu, yeye mizizi yake iko chini ya ngozi. Daktari atachukua kipande cha kidonda au atakifuta kwa usufi apime, ndo aseme ni dawa gani ya fangasi. Mpaka majibu yatoke mtenge na nyoka wengine, vyombo vyake visichanganywe, ukimaliza kumshika badilisha na shati. Na tafadhali sana usije ukachoka ukamwachia msituni akaambukiza wenzake, wale wa porini hawana mtu wa kuwalowesha.

SWALI: Nimeona nyoka ana kidonda nyuma ya banda la kuku, nimuoshe na nini? (Tanga)

JIBU: Usimuoshe, usimguse. Humjui ni nani na mwenye maumivu anauma upesi. Funga kuku na watoto ndani, kaa mbali ukimuangalia ameelekea wapi, piga simu kwa watu wa wanyamapori wa wilaya waje wao.