Re: Paka wa kuokotwa, mpole mno, nimpe nani?

Habari ndugu. Kwa hiyo unahama mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, mwenye nyumba mpya hataki wanyama, na paka jike uliyemwokota anajisugua miguuni kwa kila mgeni.

Kwanza mtazame chuchu. Zikiwa zimevimba na kuwa nyekundu, huenda ana mimba, na mimba ya paka ni kama wiki 9 tu. Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa kwa daktari wa mifugo.

Wauza nafaka watamgombania, ila uliza kama wanatega sumu ya panya. Akila panya mwenye sumu, naye anakufa. Wangu nilimpa mama mmoja wa mtaa wa Ilazo, mpweke kidogo, wakaivana siku hiyohiyo. Mpeleke na kitambaa anacholalia, afungiwe ndani wiki 2 au 3, la sivyo atatoroka kukutafuta.